Aliyeyapandisha Maji Mlimani

Vidunda,
Jumapili, alasiri

Mwanangu Yustina,

Umeshuka kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia kabla hujala ugali wake na kusikiliza habari za watu wote waliokwisha kufa katika ukoo. Kwa hiyo ninazo saa mbili tatu za kuandika. Nimekaa mlangoni pa karakana, daftari liko juu ya goti. Ukungu unapanda taratibu kutoka bondeni, na kila ukifika kwenye migomba unasimama kidogo, kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Mama yako yuko nyuma ya nyumba anaanua nguo zako. Mambo ya sanduku, ya vyeti, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, amekwisha kukuambia yeye, tena mara tatu. Hapo mimi sina la kuongeza.

Nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka yote ya uhai wako.

Wiki iliyopita, ulipokuwa Kilosa kufuatilia barua ya chuo, nilifungua bahasha uliyoiacha mezani. Unisamehe. Nilitaka kuuona mwandiko wako tu. Ndani mlikuwa na nakala ya maelezo uliyowaandikia wale wa chuo cha ufundi walipouliza kwa nini msichana anataka kusomea mitambo. Uliandika hivi: "Baba yangu alikwenda vitani, huko akajifunza kupandisha maji mlimani bila injini, na aliporudi akakitengenezea kijiji chetu mtambo. Ufundi nimeurithi kwake. Mama yangu ni mkulima."

Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Hukudanganya hata neno moja, mwanangu. Uliandika ulichoambiwa. Mwongo ni mimi.

Pengine huko njiani watu wamekwisha kukudokeza yaliyotokea kwenye mkutano wa Jumanne, ulipokuwa bado Kilosa. Nataka uyapate kutoka kwangu, tangu mwanzo.

Nilikuwa kijana wa Ulaya, kile kijiji cha huku Kilosa, natengeneza baiskeli za watu siku za soko, wakati vita vya Uganda vilipoanza. Nilikuwa mgambo, nikachukuliwa, na kwa kuwa nilijua kushika spana nikapelekwa kwenye kikosi cha magari. Zile bunduki nilizokuwa nikikusimulia ukiwa umekaa mapajani mwangu, nilizisikia kwa mbali, kama mtu anayetwanga kijiji cha pili. Vita vyangu vilikuwa chini ya malori. Nilikata gasketi kwenye soli za viatu vilivyotupwa, nikaziba rejeta kwa sabuni, nikafunga nati mchana kutwa huku matope yakinidondokea usoni.

Nakumbuka mji mmoja mdogo ambao watu walikuwa wameukimbia. Lori letu liliharibika hapo, wenzangu wakajilaza chini ya miti. Niliingia kwenye nyumba moja kutafuta maji ya rejeta. Mlango ulikuwa wazi. Nje yalianguka manyunyu na jua likiwaka, vyote kwa pamoja, na mwanga mle ndani ulikuwa kama wa chini ya maji. Mezani palikuwa na cherehani. Chini ya sindano palikuwa na gauni la mtoto, la maua ya manjano. Upande mmoja umeshonwa wote, upande wa pili umefika katikati. Mtu aliinuka pale katikati ya mshono akakimbia. Sijui nilisimama kwa muda gani. Kisha nikavuta kiti, nikazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, nikaumalizia mshono mpaka chini. Nikakata uzi. Nikalikunja gauni nikaliweka mezani, nikachota maji yangu, nikatoka.

Hivyo ndivyo vita nilivyoviona mimi. Sijapata kumsimulia mtu, kwa sababu niliporudi hapakuwa na mtu aliyetaka habari za cherehani. Pale stesheni ya Kilosa tulipokelewa kwa ngoma na vigelegele. Kila nilipokaa, watu walisogeza viti. "Haya, tuambie." Nikawaambia. Mara ya kwanza uongo uliniwasha mdomoni. Baada ya miezi michache nilikuwa nikiyaona yale mapigano kwa macho yangu mwenyewe, na moshi wake naunusa. Nakuambia haya ili ujue nilikoanzia. Mtu akishazoea kupewa kiti cha mbele kwa jambo ambalo hakulifanya, hata lile alilolifanya kweli halimtoshi tena.

Mama yako nilimpata mwaka uliofuata, kwenye gulio la Kidodi, anauza maharage. Nikamuoa, nikapanda naye huku kwao kwa sababu mashamba ya huku yanafuata upande wa mama. Ndugu zangu wa Ulaya walinicheka sana. Mimi sikujali. Nilimpenda Veronika, na niliupenda huu ukungu.

Kitu kimoja sikukipenda: maji yalikuwa chini, sisi tuko juu. Njia ya kijitoni unaijua, lakini wewe unaijua kama njia ya kuchezea. Wanawake wa wakati ule waliishuka alfajiri na jioni, na kuipanda na ndoo kichwani, masika na kiangazi. Kabla yako, Yustina, palikuwa na mwingine. Mama yako aliteleza pale penye mwamba mweusi, siku ya mvua, mimba ikiwa ya miezi saba. Alikuwa mtoto wa kiume. Tulimzika nyuma ya kanisa. Kesho kutwa yake nilimwona mama yako akiichukua ndoo ileile na kushuka tena, kwa sababu ndani hamkuwa na maji. Hakulia mbele yangu. Alishuka tu, na ukungu ukamfunika kuanzia miguuni.

Siku hiyo ndipo nilipoamua kuyapandisha maji.

Injini hatukuwa nayo, na hata kama tungekuwa nayo, dizeli ilikuwa haipatikani. Miaka ile hata sukari ilikuwa ya mgawo, wakati mashamba ya miwa tunayaona kutoka hapa mlimani, kijani kibichi mpaka mwisho wa macho. Lakini kambini niliwahi kuona jinsi bomba linavyogonga ukifunga koki kwa ghafla. Maji yaliyokuwa yanakimbia ukiyazuia yanapata hasira. Nikawaza, hasira hiyo ikipewa njia, si itapanda? Hilo lilikuwa wazo langu, na sitalikana. Nikaenda kuomba mabomba kwenye kiwanda cha mkonge kilichokuwa kimefungwa huko bondeni, nikayabeba mawilimawili begani. Vali nikatengeneza kwa shaba na mpira wa tairi.

Nilihangaika msimu mzima. Mtambo uligonga, ukapandisha maji kimo cha mtu mmoja, kisha kiungo kikapasuka. Nikafunga, kikapasuka tena. Watu walikuwa wakipita na kuniuliza kwa upole, upole ule wa kumuuliza mgonjwa.

Mchana mmoja mama yako alikuwa anaosha vyombo pale nje. Akaniita.

"Aloisi, hebu njoo utie mkono hapa."

Alikuwa amekigeuza kikombe mdomo chini, amekizamisha kwenye ndoo. Akanishika mkono akauweka juu ya kile kikombe.

"Sukuma. Unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Hewa iliyomo ndani. Ukisukuma inakubali kidogo, halafu inakurudisha. Haivunjiki. Huo mtambo wako hauna mahali pa kukubali. Ni chuma kwa chuma. Ndiyo maana unapasuka."

Nilicheka. Nilimwambia aendelee na vyombo vyake. Yeye hakubishana; alichora kwa kidole kwenye majivu: bomba, na juu ya bomba chupa kubwa iliyozibwa juu, hewa ndani yake. Bomba lilipopasuka tena wiki ile, nilipaangalia mahali pa yale majivu ambayo hayakuwapo tena, nikashuka Kidodi kimyakimya kutafuta mtungi wa hewa wa breki za lori. Nikaufunga pale pale alipopachora.

Na bado haikutosha. Mtambo uligonga mbiombio, maji hayafiki. Mama yako ndiye aliyepiga magoti akaweka sikio kwenye bomba, kama mkunga anavyosikiliza tumbo. "Unahema haraka mno," akasema. "Uongezee uzito kwenye vali." Akaongeza yeye mwenyewe, kijiwe kwa kijiwe, amefumba macho. Siku tatu. Kisha ukatulia. Tak... tak... tak... Tulipanda mbio mpaka juu, tukawakuta wanawake wamesimama na ndoo. Bomba likakohoa hewa, likatema kutu, likamtema chura mmoja mdogo, na baada ya hapo yakaja maji.

Ulizaliwa ndani ya mlio ule. Ulipokuwa mchanga tulikulaza kwenye kitanda karibu na dirisha, na mlio ukipungua wakati wa kiangazi ulikuwa unaamka kulia. Wasichana wa rika lako ndio wa kwanza hapa kwenda shule bila kuchelewa kwa ajili ya ndoo.

Habari zikashuka bondeni. Siku moja wakaja wageni kutoka wilayani, na mtu wa gazeti mwenye kamera. Nilivaa shati langu la jeshi. Wakazunguka mtambo, wakashangaa, na yule mwenye kamera akaniuliza, "Fundi, wazo hili la mtungi wa hewa ulilipata wapi?"

Mama yako alikuwa ndiyo kwanza anafika na sinia, chai ya chumvi na magimbi. Alisimama hatua tano kutoka nilipo. Nilimwona. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kusimulia vita.

"Vitani," nikasema. "Huko mstari wa mbele mtu hujifunza mengi."

Aliliweka sinia juu ya jiwe, akawakaribisha wageni vizuri, akarudi nyumbani. Nikapigwa picha peke yangu. Cheti ninachokiweka juu ya kabati ni cha siku ile.

Hakuninunia, Yustina. Laiti angeninunia. Alinipikia, alicheka nami, alinizungumzisha kama kawaida. Ila hakuja tena karakana. Wewe ulikua ukiona mama anapita mbali na mlango huu, ukadhani anaogopa vyuma. Ulipokuwa darasa la tatu ulisema mezani, "Mama hajui mashine, baba ndiye anajua." Yeye akatabasamu akakuongezea mboga. Mimi nilikuwa na kinywa kimejaa, nikaacha kutafuna.

Ruksa nayo ilikuwa imekwisha kuja, biashara ikafunguliwa. Ilipoanza wewe ulikuwa mdogo mno, hujui jinsi ilivyotulevya. Maduka ya Mikumi yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za rangi, redio za kaseti, mitumba mizuri kuliko nguo zetu za harusi. Watu wakaanza kuona aibu kwa kila kitu cha kuungaunga. Mfanyabiashara mmoja akaleta pampu ya dizeli, nyekundu, inang'aa kama pipi, na kijiji kikaitwa mkutanoni kuamua. Mwenyekiti akaniuliza, "Fundi, wewe unasemaje?"

Nami nikainuka. Niliona aibu kuonekana mtu wa zamani. Nikasema, "Ule wangu ulikuwa wa wakati wa shida. Sasa shida zimekwisha."

Wakapiga makofi. Mama yako alikuwa upande wa wanawake, ananiangalia. Mtambo wa watu wawili niliuua kwa mdomo wa mtu mmoja. Ukang'olewa, ukatupwa kwenye magugu kando ya kijito, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe mlima ukanyamaza. Wewe ulikuwa bwenini wakati huo, huko Kilosa.

Pampu ilinguruma vizuri mwanzoni. Halafu likakatika hili, likakosekana lile, dizeli ikawa ya kubebwa kwa madumu kutoka chini, na mwishowe kibanda chake kikawa cha kuku. Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda Mikumi, kwenye gereji moja ya barabara kuu. Niliiambia nafsi yangu kwamba nakwenda kutafuta. Kweli ni kwamba nilishindwa kuwatazama wanawake wakiishuka tena ile njia. Kule Mikumi malori ya Zambia yanapita usiku na mchana, mbugani swala wanasimama kando ya lami wakiyatazama, na mtu anaweza kuishi muda mrefu bila mtu kumuuliza swali lolote. Mwezi ukawa miezi, miezi ikawa miaka. Nilikuwa nikirudi hapa kama mgeni, na zawadi ya mkate.

Mwaka jana, kiangazi, nilikuwa napanda na mkate wangu, nikasikia. Tak... tak... Nilisimama nikadhani ni masikio yangu, maana kwa miaka yote ile nilikuwa nikiusikia mlio ule usingizini. Nikaiacha njia, nikashuka kijitoni. Mama yako alikuwa amejifunga khanga kiunoni, magoti ndani ya maji, sikio kwenye bomba. Mama Anjela, jirani yetu, alikuwa anamshikia spana. Walikuwa wameutoa mtambo kwenye magugu, wakausugua kutu, wakakata mpira mpya.

"Karibu," mama yako akasema bila kuinuka. "Usikanyage hapo, simenti bado mbichi."

"Nani amekufundisha kuufunga?" Nilisema hivyo kweli, mwanangu. Hayo ndiyo yaliyonitoka.

Akanitazama. "Na mara ile ya kwanza, alinifundisha nani?"

Mama Anjela akageuka kuangalia upande mwingine. Mimi nikauweka mkate juu ya jiwe, nikavua viatu. Sikurudi tena gereji.

Ungetegemea kwamba hapo nilisema yote. Sikusema. Ulirudi likizo, ukasikia maji, ukanirukia shingoni. "Baba, umeurudisha!" Mama yako alikuwa anapeta mchele, mikono ikasimama. Nikajibu, "Eeh, maji yamerudi." Angalia jibu hilo. Si uongo. Ni baya kuliko uongo. Na wewe ukaenda nalo shuleni, ukaliandika kwenye karatasi ya chuo.

Sasa Jumanne. Mkutano uliitishwa kwa ajili ya tangi jipya la simenti. Mwenyekiti akasema, "Tumeona tuandike jina la fundi wetu aliyepigana vita na kutuletea maji, watoto wajue." Wakanigeukia wote. Nilikuwa na ile karatasi yako ya chuo mfukoni.

Nikawaambia. Kikombe, ndoo, majivu, mtungi, vijiwe juu ya vali. Wageni, sinia, neno nililolisema. Kwamba mtambo huu ungebaki chuma cha kupasuka kama si Veronika, na aliyeurudisha ni yeye na Mama Anjela, mimi nikiwa Mikumi. Kijana mmoja akauliza toka nyuma, "Shikamoo mzee. Sasa na zile habari za mstari wa mbele?"

"Marahaba. Nilikuwa nafunga nati," nikasema.

Walicheka, wengine kwa hasira. Wapo ambao tangu siku ile hawanipi salamu kama zamani, na ni haki yao. Nilijua nitapoteza kitu. Sikujua kwamba kifua kingekuwa chepesi hivi; hata pumzi nilianza kuivuta mpaka chini.

Mwenyekiti akakohoa, akamgeukia mama yako. "Basi, Mama Yustina, tuandike jina lako?"

Mama yako akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Andikeni watu wasifulie juu ya kidakio, pale maji yanapoingia bombani," akasema. "Sabuni inaharibu mpira wa vali." Akakaa. Ndivyo walivyoandika. Ukipita kesho utayaona maandishi, herufi kubwa, simenti bado ina rangi ya giza.

Tukarudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Njiani akasema, "Umechelewa."

"Najua."

"Umechelewa sana, Baba Yustina."

"Najua."

Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuuliza. Tulipofika uani akasema vali ya chini imeanza kuvuja na atahitaji mtu wa kumshikia spana. Tangu Jumatano mimi ndiye ninayeshika.

Sitakuambia uishi vipi huko uendako. Utakutana na watu watakaokupa kiti cha mbele, na watu watakaokunyima kilicho chako, na siku nyingine utakuwa wewe unayenyima. Mimi nimekuwa huyo wa mwisho, ndani ya nyumba yangu, kwa mtu ninayempenda, na nyumba haikuanguka. Hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka: haikuanguka. Jua lilichomoza kila siku.

Naisikia sauti yako huko chini ya mteremko, unaagana na mbwa wa bibi yako. Nitaiweka barua hii ndani ya kiatu chako cha safari, uisome kabla hujalala. Basi la Kidodi linaondoka mchana, kwa hiyo asubuhi bado ni yetu. Mama yako atashuka kijitoni mapema kukagua vali. Shuka naye. Mimi nitabaki juu. Chukua lile daftari lako jipya na kalamu, upige magoti karibu yake, umuulize jinsi mtambo unavyofanya kazi, wote, tangu mwanzo, na umwache amalize.

Swali hilo amelingoja tangu hujazaliwa.

Baba yako,
Aloisi